Vidonge vya Nyamizi na Mkao wa Fuwele

Sufuria ndiyo niliyoisikia kwanza. Ilianguka nyuma ya mlango wa korido, ikagonga saruji, kisha ikaanza kuzunguka kwa ukingo wake, ngara-ngara-ngara, ikienda kasi zaidi kadiri ilivyokaribia kutulia. Halafu kimya. Vijana wangu mnaoingia kazi ya maabara, mtaambiwa mengi ya kuogopa kuhusu mionzi, na myashike. Lakini mimi niliyekaa na mashine ya eksirei mpaka nywele zikapauka, sauti inayonishtua hadi leo ni ya sufuria inayozunguka sakafuni kabla sijamwona aliyeiangusha.

Nilipofungua mlango nilimkuta Nyamizi chini, katikati ya chai ya maziwa, mwili umekaza kama kamba ya nanga, visigino vikipiga saruji. Nyamizi ndiye binti aliyetupikia chai pale maabara yetu ya Mkolani. Yusufu, mchambuzi wetu kijana, alitoka mbio nyuma yangu, akavua koti lake jeupe na kuliweka chini ya kichwa cha Nyamizi. Tukamlaza ubavu. Tukasubiri. Katika maabara utajifunza kusubiri mambo mengi, mashine ipate moto, sampuli ikauke, umeme urudi. Hakuna kusubiri kama kule.

Alipofumbua macho alitazama dari, kisha mimi.

"Shikamoo mama," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia asubuhi.

"Marahaba mwanangu. Tulia."

"Chai imemwagika?"

"Imemwagika."

"Na sukari nilishatia," akasema, akaanza kulia.

Alikuwa na kifafa tangu utotoni, lakini kwa miaka mingi vidonge vilikuwa vimekifungia nje. Sisi tulikuwa tumesahau kabisa. Nadhani na yeye alikuwa amesahau, na huko kusahau ndiko dawa inakompa mtu. Siku ile chai iliruka mbele ikamwacha na malengelenge kidogo mkononi. Ingeweza kumrukia usoni. Ingeweza kumkuta jikoni, ameinama juu ya jiko la mkaa, peke yake, mlango umefungwa. Nililiwaza hilo nikiokota vipande vya vikombe na Yusufu.

Mama yake aliuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Alifika akiwa bado na magamba kwenye vidole. Hakupiga kelele. Alimtazama binti yake kama mtu anayetazama paa la nyumba baada ya upepo, kisha akashika pindo la kitenge chake mwenyewe na pindo la kitenge cha Nyamizi, akavifunga fundo moja kubwa.

"Mama, watu wanaona," Nyamizi alinong'ona. Alikuwa mtu mzima, wa kuolewa.

"Waone."

Akanigeukia. "Mama Holo, huyu nilimfunga hivi tangu akiwa mdogo. Tukivuka pale Kigongo kwenda kwa bibi yake Busisi, kwenye kivuko, pindo kwa pindo. Nilisema akianguka majini tuanguke wote. Alipoanza vidonge hivi nikamfungua. Sasa nyie ndio mnaopima dawa. Niambieni vidonge vina nini, nijue kama nitamfungua tena au nimzeeshe hivi hivi."

Ndivyo kazi ile ilivyofika mezani kwangu. Zahanati iliyompa dawa nayo ilikuwa na wasiwasi wake. Ilituletea vidonge kutoka kwenye kopo lao kubwa, shehena ile ile aliyopewa Nyamizi, wakitaka kujua kama vimeharibika. Mimi nikachukua na vile vilivyobaki kwenye bahasha ya Nyamizi mwenyewe. Muuguzi aliyevileta alisimama mlangoni akasema jambo ambalo lilikaa nami. "Mama, fanyeni haraka, lakini msikosee. Shehena nyingine haijulikani itafika lini. Na kifafa kikikatiziwa dawa ghafla, hurudi na ndugu zake."

Sasa ngojeni niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa nilichokiogopa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Masanja, mtu mrefu aliyecheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine. Ndani yake kuna kifuniko kidogo cha chuma kinachozuia mionzi, na kinapofunguka husema *tak* na taa nyekundu huwaka. Niliruka nyuma. Akacheka mabega.

"Hiyo taa ni mwoga mwenzako," akasema. "Iheshimu, basi. Lakini si hiyo itakayokumaliza."

"Nini sasa, mzee?"

"Jibu. Jibu chafu unalinusa kwa mbali kama dagaa walionyeshewa mvua. Wewe ogopa jibu lililooga likapaka mafuta."

Kesho yake alikuja na kitenge cha mkewe, chenye picha za korongo, akakitandaza mezani na kunipa kipande cha chaki. "Chora kisanduku kimoja, ambacho ukikirudia-rudia, kitenge chote kinapatikana." Nikachora. Akachukua chaki, akachora chake kando, kikiwa kimelalia upande, kimeanzia kwenye bawa badala ya mguu. Nikakipima. Nacho kilikuwa sahihi.

"Kitenge kimebadilika?"

"Hapana."

"Nani kakosea?"

"Hakuna."

"Vizuri. Sasa kila kisanduku kina kanuni yake ya kuwapanga korongo. Kwa kisanduku chako, korongo wa pili anapatikana ukimpindua wa kwanza na kumtelezesha nusu hatua kwa pembeni. Kwa changu, unamtelezesha kwa mshazari. Chukua kisanduku changu, ufuate kanuni yako."

Nilichora kama alivyosema, na mbele ya macho yangu korongo wakaanza kupandana, shingo ya huyu tumboni mwa yule. Mzee Masanja alikunja kitenge taratibu. "Umeona? Wewe ulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi. Tumechanganywa, tumezaa uongo. Na mke wangu asijue tumechora chaki hapa."

Fuwele ni kitenge hicho, ila chenye kimo na kina. Chumvi, chokaa, mawe ya dhahabu, dawa, karibu kila kitu kigumu kimepangwa hivyo ndani, atomi kwa atomi, na eksirei hutuonyesha mpango huo kwa mistari ya vilele kwenye skrini, kama vilima vya mawe unavyoviona ukiwa ziwani. Wataalamu wa dunia walikubaliana juu ya kanuni mia mbili na thelathini za kupanga, wakazipa namba, na kila moja wakaipa mkao wa kawaida. Ila anayeichunguza fuwele mpya ana ruhusa ya kuikalisha mkao mwingine, na mara nyingi ana sababu nzuri. Labda kisanduku kinanyooka zaidi. Labda anataka ifanane na ndugu yake iliyochunguzwa zamani. Kanuni ya kumi na nne, ambayo dawa nyingi hukaa humo, ina mikao kadhaa, na kwenye vitabu utaikuta yote.

Mkao kukosa ukawaida si kosa. Hilo liandikeni kwenye vichwa. Niliwahi kushuhudia wanajiolojia wawili wakigombana juu ya jiwe la chokaa, mmoja akisema kisanduku chake, yaani chumba cha msingi, ni kidogo na kimelala, mwingine akisema ni kikubwa mara tatu na kimesimama wima. Walianza kwa heshima. Kufikia mchana mmoja alikuwa anauliza mwenzake alisomea wapi. Mzee Masanja aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mkimaliza kubomoa nyumba, jiwe mtalirudisha kwa mwenyewe?" Wote walikuwa wanasema kweli. Chokaa inakubali mikao yote miwili.

Mzee Masanja hakuwapo tena ilipokuja kazi ya Nyamizi. Alikuwa amelala kwao, chini ya udongo mwekundu. Nilibaki na usemi wake na woga wake.

Unga halisi wa dawa ile, wa kulinganishia, tulikuwa tumeuagiza na haujafika. Kwa hiyo Yusufu alichukua maelezo ya fuwele ya dawa hiyo ikiwa nzima, yaliyochapishwa na waliowahi kuichunguza, akayaingiza kwenye programu yetu mpya ili kompyuta ituhesabie vilele ambavyo dawa nzima inapaswa kutoa. Ni njia nzuri. Nami nilikubali.

Mimi nikasaga sampuli. Kuna kinu kidogo cha jiwe gumu, kinakaa kwenye kiganja, na mchi wake. Vidonge vya kopo la zahanati vilivunjika kama biskuti kavu. Vya Nyamizi vilikuwa vigumu. Vilisema *tik, tik* chini ya mchi, kama mchanga ulioingia kwenye wali. Niliisikia tofauti hiyo, lakini sikio langu liliipokea kabla akili haijawa tayari kuipa kiti. Sikilizeni vinu vyenu, vijana. Siku hizi mnasaga huku mmeziba masikio na miziki.

Ilikuwa alasiri, wingu limesimama juu ya ziwa, zito, lenye rangi ya bati kuukuu. Umeme ulipepesa mara moja, ukatulia. Koridoni Nyamizi na mama yake walikaa kwenye benchi, fundo katikati yao. Kila nilipopita niliona macho ya mama yakipanda kwangu na kushuka.

Yusufu aliita. "Mama Holo, njoo uone. Sipendi ninachokiona."

Kwenye skrini aliweka vilele vya vidonge vya zahanati juu, na vile vilivyohesabiwa na kompyuta chini. Havikufanana. Kilima kirefu kilichosimama mwanzoni mwa mchoro wa vidonge hakikuwepo kabisa kwenye hesabu. Hesabu nayo ilionyesha kilima mahali ambapo vidonge vilikuwa na uwanda mtupu. Vya Nyamizi navyo vilikataa. Programu ilitoa neno lake kwa herufi nyekundu, kwa sampuli zote mbili: *haifanani*.

"Kuna kitu kimechanganywa humu," Yusufu alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Au si dawa hii kabisa. Mama, watu wanakunywa hivi."

Mkuu wetu, Bwana Kaijage, aliingia akasimama nyuma yetu. Alikuwa mtu mwema, na nataka mjue hivyo, maana hofu yake ilikuwa hofu ya mtu mwema. Alitazama skrini kwa muda mrefu.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Nawapigia zahanati wavitoe vyote leo hii. Afadhali mgonjwa akose kuliko anywe chaki."

"Mkuu, wakivitoa, watawapa nini?"

"Sijui, Mama Holo. Lakini najua hiki." Akagusa neno jekundu.

Jibu lilikuwa safi mno. Lilikuwa limeoga, limepaka mafuta, limevaa na nguo nyekundu. Tukilipeleka na likawa kweli, tumewaokoa watu wote waliokuwa wakilishwa uchafu. Tukilipeleka na likawa uongo, kopo zima la dawa nzima litachukuliwa, na kila mtu mwenye kifafa kutoka Mkolani mpaka Kirumba atalala bila kidonge, na huyu wa koridoni wa kwanza. Na nikilizuia kwa kuwa nampenda binti anayenipikia chai, huku vidonge ni chaki kweli? Nilisimama kati ya vifo viwili, na kila kimoja kilikuwa na jina la Nyamizi.

"Mkuu, nipe muda wa kuchora picha."

"Picha gani tena?"

"Ya fuwele. Nataka kuona dawa ilivyokaa ndani ya hesabu yetu."

"Mama," Yusufu alisema, bila dharau, amechoka tu, "picha ni ya mapambo. Tunataka namba."

"Namba zimeshasema. Sasa nataka kuona zimekalia nini."

Bwana Kaijage alitazama saa, akatazama korido. "Chora. Lakini simu naipiga kabla ofisi hazijafungwa."

Kilichonisumbua kilikuwa hiki. Dawa ile ikinyonya unyevu hugeuka kuwa fuwele nyingine kabisa, yenye maji ndani, na mwili huiyeyusha kwa shida. Hilo tulilijua. Lakini fuwele ikigeuka, vilima vyote huhama makazi. Vidonge vya zahanati havikuwa hivyo. Vilima vyake vingi vilisimama pale pale hesabu iliposema, ila kwa urefu usiofanana, na vichache vimepotea au vimezidi. Kama mtaa ule ule, lakini ghorofa zimeshushwa na vibanda vimepandishwa. Mgeni hawezi kuja kukaa kwenye msingi wa mwenyeji kiasi hicho.

Yusufu akabonyeza. Picha ikajijenga polepole, kompyuta yetu haikuwa na haraka. Molekuli ya kwanza ikatokea, pete zake tatu zimeshikana. Ikatokea ya pili. Ikatokea ya tatu.

Yusufu alisogeza kiti karibu na skrini.

Ya tatu ilikuwa imepita katikati ya ya kwanza. Pete ndani ya pete, atomi juu ya atomi, zimekaribiana kwa umbali ambao hakuna atomi mbili duniani zingevumilia. Korongo, shingo ya huyu tumboni mwa yule.

"Ala!" Yusufu alisema kwa sauti ndogo. "Zimejazana kama dagaa kwenye gunia."

"Dagaa walau hawaingiliani. Yusufu, mwanangu, waliochapisha waliikalisha mkao gani?"

Alifungua maelezo ya wachunguzi, akasoma, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Kanuni ya kumi na nne, ndiyo. Lakini wao walichagua mkao wa mshazari. Programu yetu ilikuwa imeshika ile namba kumi na nne, ikaacha mengine, ikaweka kanuni za mkao wa kawaida kama ilivyozoea. Kisanduku cha Mzee Masanja, kanuni yangu mimi. Haikutoa onyo hata moja. Ilihesabu kwa uaminifu fuwele ambayo haijawahi kuwepo.

"Tubadilishe jina la mkao pale juu," Yusufu alisema, mkono tayari kwenye kipanya.

"Subiri!" Nilimshika kiganja. Hapa ndipo wengi huanguka mara ya pili, kwa haraka ya kujinusuru. Kwenye programu ile, ukibadilisha jina, jina ndilo linalobadilika, kanuni zinabaki zile zile. Una njia mbili tu. Ama unaihamisha nyumba nzima kwenda mkao wa kawaida, kuta zake na mahali pa kila atomi, vyote pamoja, bila kusahau hata kiti kimoja. Ama unaiacha ilivyo na kuandika kwa mkono kanuni zake zenyewe kama wachunguzi walivyoziandika. Tulichagua ya pili, kwa sababu nyumba ukiihamisha katika hofu, lazima kuna sahani itavunjika.

Yusufu aliandika, mimi nikamsomea. Mistari minne tu ndani ya ile kanuni ya kumi na nne. Nusu hatua huku, nusu hatua kule. Umeme ukapepesa tena, na sote watatu tukashika pumzi kama wezi.

Picha mpya ikajijenga. Molekuli ya kwanza. Ya pili, imemgeukia mwenzake. Ya tatu, mahali pake, na nafasi kati yao nyeupe na safi. Ikapangika mpaka ukingoni mwa skrini, na sitaona haya kuwaambia kwamba machozi yalinitoka kwa ajili ya nafasi tupu.

Hesabu mpya na vidonge vya zahanati vililaliana kilima kwa kilima.

"Ni vizima," Yusufu alisema. Akapiga makofi mara moja, akajishika. "Mama, ni vizima! Ningewanyima watu dawa yao."

"Tungewanyima," Bwana Kaijage alisema, akakaa kwenye kiti cha karibu. Kisha akacheka kidogo. "Nilikuwa nimeshabonyeza namba za mwanzo."

Wao walikuwa wamepumua. Mimi bado. Hofu yangu haikutoka chumbani, ilihama kiti tu. Ikiwa vidonge ni vizima, Nyamizi ameangushwa na nini? Ikiwa dawa nzima haimsaidii tena, basi mama yake afunge fundo la pili juu ya la kwanza.

Ndipo nikakumbuka kinu. *Tik, tik.*

"Weka vya Nyamizi peke yake," nikamwambia Yusufu.

Vya Nyamizi havikulaliana na hesabu mpya. Neno lilikuwa lile lile jekundu, na tulikuwa tumelisoma mara moja tu kwa sampuli zote mbili, lakini sasa, karibu, tuliona kwamba vyake vilikataa kwa namna nyingine. Vilima vyake vyote vilikuwa vimehama. Yusufu hakungoja nimwambie. Alitafuta fuwele ya dawa ile ikiwa imenyonya maji, akasoma mkao wake kwanza, kwa sauti, akachora picha kwanza, akapima nafasi kati ya atomi kwanza. Kisha ndipo akahesabu.

Vililaliana.

Nilitoka koridoni. Mama yake Nyamizi alisimama, na kwa kuwa walikuwa wamefungwa, Nyamizi naye akasimama.

"Mwanangu, vidonge vyako unaviweka wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeshikwa na jambo asilolijua. "Jikoni, mama. Pale pale kazini."

"Nionyeshe."

Tukaenda watatu. Jiko letu la chai lilikuwa kijumba kisicho na dirisha la maana, kuta zake zikitoa jasho. Juu ya mahali pa sufuria kubwa, kwenye msumari, palikuwa na alama ya unyevu yenye umbo la bahasha.

"Hapo," alisema Nyamizi. "Daktari aliniambia nisisahau hata siku moja. Mimi nina hofu ya kusahau. Kwa hiyo miezi michache hii nikawa naitundika bahasha hapo. Kila nikikoroga chai, naiona."

Kila akikoroga chai, mvuke ulipanda. Asubuhi na mchana, siku baada ya siku, ukipenya karatasi laini, ukiketi ndani ya kila kidonge kipya alichokuja kukijaza humo. Hakuna dawa iliyosahauliwa. Alikuwa amekunywa yote kwa wakati wake, kwa uaminifu wote. Hofu yake ndiyo iliyochagua msumari ule.

Mama yake aligusa ukuta, akautazama unyevu kwenye vidole vyake. "Chai," akasema. "Chai ndiyo iliyomla mwanangu?"

"Mvuke, dada yangu. Dawa ya kopo ni nzima. Ataanza mpya."

"Basi nifungue?"

Hilo ndilo swali alilokuja nalo, na mnajua, nilikuwa na jibu la fuwele, lililochorwa na kupimwa, na sikuwa na jibu la fundo. Maabara haijui mwili wa mtu utakubali lini. Nilimwambia hilo. Nilimwambia amrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo, na akae mbali na moto mpaka daktari aseme. Alitikisa kichwa kukubali. Wakaondoka wamefungwa, mvua ikiwa imeanza, wakitembea hatua moja kama watu waliozaliwa wameshikana.

Muda ukapita. Tulikunywa chai ya Yusufu, ambayo sitaizungumzia. Alikuwa amebandika juu ya kompyuta, kwa mwandiko mkubwa, *Chora kwanza*, na chini yake mtu akaongeza, *Chai usichore, chemsha*. Nasi tulicheka, lakini nilikuwa nimekamatwa na ugonjwa mpya. Kikombe kikigonga meza, nageuka. Mfuniko ukidondoka, nasimama.

Kisha asubuhi moja Nyamizi akaingia ofisini kwangu, peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Daktari anasemaje?"

"Amesema nirudi kazini." Alitoa mfukoni kichupa cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, kimefungwa ndani ya kitambaa, akakitikisa karibu na sikio langu ili nisikie vilivyo vikavu. "Nimehama msumari. Nalala nacho chini ya mto."

"Na mama?"

"Amenifungua leo. Alikaa na lile fundo muda mrefu mpaka nikamwambia nitachelewa." Akacheka. "Mhandisi wa vidonge yuko wapi? Nasikia ameua watu kwa chai."

"Nipo!" Yusufu aliita kutoka chumba cha mashine. "Tia sukari mpaka kijiko kisimame!"

Sufuria ilikuwa kwenye kabati langu, nilikuwa nimeificha huko, ikiwa na bonyeo pale ilipogonga saruji. Aliiona kabla sijasema kitu. Akaichukua kwa mikono miwili. Kisha akageuka, na nikaona pindo la kitenge chake likining'inia huru, mikunjo ya fundo bado imekaza ndani ya kitambaa kana kwamba kuna mkono umelishika.

Nilitaka kumwita. Nilitaka kumwambia abebe kikombe kimoja kimoja, achemshie kwenye birika dogo, mlango wa jikoni auache wazi, asiiname, asiharakishe. Nilitaka kuchora picha yake akitembea kwenye korido ile, nipime nafasi kati yake na kila kitu kigumu. Badala yake nilishika ukingo wa meza na kutega sikio. Nyamizi alisukuma mlango kwa bega, sufuria kifuani, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.